Mteja anataka tangi la hewa la lita 500 "lenye cheti": ISO 9001 inatosha au mpaka mhuri wa ASME?

KarakanaThemi (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Nina karakana ya kuchomelea pale Themi, Arusha, huu ni mwaka wa tisa. Kazi zetu ni mageti, matangi ya maji, bodi za Canter na majiko makubwa ya shule. Wiki iliyopita shamba moja la maua upande wa Usa River limeniletea kazi ambayo sijawahi kuifanya kwa maandishi: tangi la hewa ya kompresa, lita 500, presha ya kazi bar 10. Nasema kwa maandishi kwa sababu matangi madogo ya mafundi tairi nimeshatengeneza, matano kwa jumla, na hakuna aliyewahi kuniuliza swali. Hawa wameandika kwenye masharti kwamba mtengenezaji awe na cheti cha ubora kinachotambulika, na tangi lisanifiwe kwa ASME sehemu ya VIII au kiwango cha Ulaya kinacholingana nacho.

Nikaanza kuulizia. Jamaa mmoja mjini akaniambia hiyo ni ISO 9001 tu, atanipatia ndani ya wiki mbili, niandae fedha. Wa pili akasema bila mhuri wa ASME nisipoteze muda wangu. Wa tatu akaniambia nichome tangi, nipige rangi ya bluu, nigonge kibati chenye maandishi, mteja hatajua. Huyo wa tatu nilimkatalia palepale. Hao wawili wa kwanza ndio wameniacha njia panda.

Naomba mwenye uelewa anisaidie. ISO 9001 na ASME ni kitu kimoja? Karakana ya watu saba inaweza kuvipata? Na naweza kulitengeneza tangi hili kihalali kabla sijawa navyo? Kazi ina fedha nzuri na vijana wangu wanaihitaji, ila sitaki kumpelekea mtu bomu shambani kwake.

---

Injinia_Njoro

Karibu kaka. Mimi ni mhandisi mitambo, niko Moshi, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni vyombo vya presha na mabomba ya mvuke. Si kitu kimoja. Na huyo wa ISO ya wiki mbili achana naye kabisa, kwa sababu mfumo wa ubora unaotakiwa kukaguliwa huna bado, sasa atakuwa amekagua nini?

ISO 9001 inaangalia namna unavyoendesha shughuli zako: unapokeaje oda, unatunzaje kumbukumbu, kosa likitokea unalirekebishaje lisijirudie. Mwoka mikate anaweza kuipata, na kiwanda cha boila kinaweza kuipata, kwa kiwango kilekile. Ni kitu kizuri, siipuuzi. Lakini haisemi neno lolote kuhusu unene wa pleti yako wala mshono wako. Mtu akikuonyesha ISO 9001 kama uthibitisho kwamba tangi lake ni salama, amekuonyesha leseni ya udereva ukiwa umemuuliza breki za gari.

ASME ni jumuiya ya wahandisi mitambo ya Marekani, ya tangu 1880. Kitabu chao cha boila na vyombo vya presha kina sehemu nyingi, na kwa tangi lako zinakuhusu nne. Sehemu ya II ni vyuma vinavyoruhusiwa na nguvu zake. Sehemu ya V ni namna za kuchunguza mshono bila kuuharibu, yaani eksirei, mawimbi ya sauti, dawa ya kupenya kwenye nyufa. Sehemu ya VIII ni usanifu na utengenezaji wenyewe, na inaanza kukuhusu presha ikizidi psi 15, ambayo ni karibu bar 1. Sehemu ya IX ni uchomeleaji: utaratibu wako wa kuchomea unathibitishwaje, na fundi wako anapimwaje.

Ukitaka mhuri wenyewe, ule wa herufi U, unaandika kitabu cha udhibiti wa ubora cha karakana yako, unaingia mkataba na shirika la ukaguzi lililoidhinishwa, kisha timu inakuja kukukagua ukiwa kazini na chombo cha mfano mkononi. Ukifaulu, cheti kinadumu miaka 3, halafu wanarudi. Katikati hapo kila tangi la U unalotengeneza linapitiwa na mkaguzi wa nje, na linatoka na fomu inayoitwa U-1 yenye saini yako na saini yake. Kwa hiyo ASME hawakuthibitishii tangi. Wanakuthibitisha wewe, kisha mkaguzi analifuata tangi moja moja.

Ulaya wana njia yao. Vyombo vya presha inayozidi bar 0.5 viko chini ya agizo 2014/68/EU, lililoanza kutumika kikamilifu tarehe 19 Julai 2016. Matangi mepesi ya hewa kama lako yana agizo lake, 2014/29/EU, na kiwango chake cha usanifu ni EN 286. Wanazidisha bar kwa lita: lako ni 10 mara 500, ni 5,000. Kuanzia 50 mpaka 10,000 uko ndani ya agizo hilo, na lazima taasisi huru iliyoteuliwa ihusike. Huwezi kujigongea CE, ile alama ya Ulaya ya kuonyesha bidhaa imefuata maagizo yao, mwenyewe ukamaliza.

Lakini ukiniuliza roho ya mambo haya yote iko wapi, nitakwambia iko kwenye kitu ambacho karakana nyingi hazikifanyi, na hakihitaji fedha nyingi: kila kipande cha tangi lazima kiwe na historia inayofuatilika. Pleti inatoka kiwandani na cheti chake, na juu yake imegongwa namba ya chuma kilichoyeyushwa siku ile. Kabla hujaikata, unaihamishia ile namba kwenye kila kipande kitakachobaki, kwa panchi. Kila mshono unaandikiwa alama ya aliyeuchoma. Ikitokea baada ya miaka sita imegundulika kwamba chuma cha namba fulani kina kasoro, au kwamba fundi fulani alikuwa anaacha matundu ndani ya mshono, unafungua daftari na unajua matangi yapi, yako kwa nani. Bila hilo, cheti chochote ni karatasi.

Na hapa nyumbani usisahau OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya 2003, inahusu boila, vyombo vya mvuke na matangi ya hewa. Nenda ofisini kwao na michoro yako kabla hujakata pleti. Hesabu za usanifu zisainiwe na mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, na TBS, shirika letu la viwango, ndio wa kuwauliza kuhusu kiwango cha bidhaa.

---

Chalii_wa_Unga_Ltd

Mkuu mimi nakwambia kamata kazi. Huku Unga Limited matangi yanachomwa kila siku na yanafanya kazi. Kompresa karibu zote za mafundi tairi na wapiga rangi mjini zina matangi ya kuchongesha. Tukisubiri vyeti vya wazungu tutakufa njaa. Mwanao akikuuliza chakula utamwonyesha kitabu?

---

Tairi_Pasua

Chalii, nakuheshimu, lakini acha nikueleze ya kwangu.

Nina sehemu ya kuziba pancha hapa Pasua, Moshi. Tangi langu la kwanza lilichongwa kutoka bomba kuukuu, upana kama sentimita 35, huku na huku likazibwa kwa pleti bapa. Nililinunua bei ya chini na nikalitumia miaka minne bila tatizo. Hiyo miaka minne ndiyo iliyonidanganya. Asubuhi moja, kama saa mbili, kompresa inajaza na geji haijafika hata bar 8, kifuniko cha chini kiling'oka. Tangi liliruka likapiga paa, likarudi, likamwangukia kijana wangu aliyekuwa amechuchumaa anafungua nati za tairi. Mguu ulivunjika sehemu mbili. Hospitali ya KCMC walimshughulikia vizuri, ametembea tena, lakini kazi ya kuchuchumaa hawezi mpaka leo.

Nilipolitazama lile tangi baadaye, ndani chini kulikuwa na matope ya kutu. Lilikuwa na koki ya kutolea maji, lakini ilikaa kidole kizima juu ya sakafu ya tangi, kwa hiyo maji yalikuwa yanabaki siku zote. Sikuwa najua hata kwamba hewa ya kompresa ina maji. Na mshono wa kifuniko ulikuwa juujuu tu, ungeweza kuona upande wa ndani chuma hakijashikana.

Sijawahi kulala vizuri kwa habari hiyo. Kijana bado yuko nami, anasimamia stoo.

---

KarakanaThemi

Pole sana kaka, na asante kwa kusema.

Dada Injinia, nimekusoma mara tatu. Sasa nikuulize kwa uwazi maana nimeanza kuogopa. Yale matangi matano niliyotengeneza, upana ni sentimita 30, pleti ya milimita 3, vifuniko bapa vya milimita 6. Niliona 6 ni mara mbili ya mwili, nikaamini nimezidisha usalama. Na hili la lita 500 nilikuwa nimepanga hivyohivyo.

---

Injinia_Njoro

Ngoja tupige hesabu pamoja, kwa sababu hapa ndipo watu wengi wanapopotea bila kujua.

Mwili kwanza. Chukua tangi la lita 500 lenye upana wa milimita 600, yaani nusu yake ni 300. Presha bar 10 ni megapasikali 1. Tuseme umepata pleti bora ya vyombo vya presha, SA-516 gredi 70, ambayo kwenye joto la kawaida kitabu kinakuruhusu kuitegemea kwa megapasikali 138. Kanuni inasema: presha mara nusu-upana, gawa kwa (nguvu ya chuma mara ubora wa mshono, toa 0.6 ya presha).

Huo ubora wa mshono ndio wa kutazama. Mshono wa kukutanisha uliochomwa pande zote mbili, ukiupiga eksirei wote, unahesabiwa 1.0. Ukipiga eksirei sehemu tu, 0.85. Usipopiga kabisa, 0.70, hata kama fundi wako ana mkono wa dhahabu. Kwa 1.0 unapata milimita 2.2, kwa 0.85 unapata 2.6, kwa 0.70 unapata 3.1. Kitabu kinakwambia: usichokichunguza, kilipie kwa unene. Na kwa hewa, mvuke na maji huruhusiwi kwenda chini ya 2.5 kabla ya kuongeza ya kutu. Ongeza 1.5 ya kutu juu ya 3.1, umefika 4.6. Nunua pleti ya milimita 5, au 6 upate nafasi ya makosa ya unene wa pleti yenyewe. Kwa hiyo milimita 3 haitoshi hata kwa chuma ambacho cheti chake unacho. Ile pleti ya dukani isiyo na cheti hatujui ina nguvu gani, na kwa chuma kisichojulikana hesabu haianzi.

Sasa vifuniko, maana hapa ndipo pa hatari zaidi. Kifuniko cha umbo la bakuli, kile ambacho kina chake ni robo ya upana, kinahitaji unene unaokaribiana na wa mwili: milimita mbili na kitu, ongeza ya kutu. Presha inakisukuma na umbo linaigawa kila upande, kama yai. Kifuniko bapa hakina pa kuigawa. Kinapinda tu, na kuvuta kote kunaishia kwenye kona, palepale ulipochomelea. Kwa upana ule wa milimita 600 na bar 10, ukitumia kigezo cha kawaida cha 0.33, kifuniko bapa kinataka karibu milimita 29. Ndiyo, ishirini na tisa. Wewe ulipanga 6.

Kwa yale madogo ya sentimita 30, ukichukua bar 8, kifuniko bapa kinataka karibu milimita 13. Samahani kaka, ningependa kukupa habari nyingine.

---

KarakanaThemi

Nimeelewa. Nashukuru kwa kunieleza bila kunificha.

---

Mstaafu_wa_Boila

Wanangu, nimeshinda nausoma uzi huu. Nimekaa na boila miaka 31, nimestaafu, niko Machame nalima ndizi na kahawa kidogo.

Chalii anasema viwango vya wazungu. Niwaambie vilikotoka. Tarehe 20 Machi 1905, mji wa Brockton, jimbo la Massachusetts, boila la kiwanda cha viatu lililipuka asubuhi wafanyakazi wakiwa kazini. Likatoboa sakafu zote likatokea paani, jengo likaanguka, moto ukashika. Walikufa watu 58. Mshono wa boila ulikuwa wa kulaliana pleti juu ya pleti, na ufa ulikuwa umejificha ndani ya maungio, mahali ambapo jicho la mkaguzi lisingefika. Miaka miwili baadaye jimbo likatunga kanuni zake za boila. Lakini kila jimbo likawa na zake, mtengenezaji hajui afuate ipi, ndipo ASME wakaandika kitabu kimoja, toleo la 1914. Mwaka 1919 wakaguzi wakaunda bodi yao ya kitaifa ili chombo kilichokaguliwa huku kikubalike kule. Hawakuandika kwa kujivuna. Walikuwa wamezika wafanyakazi wa viatu, watu kama sisi.

Sasa jambo la kupima, maana hili nimeliona likifanywa vibaya mara nyingi. Tangi likiisha kuchomwa, fundi analijaza hewa, anapaka sabuni, anatafuta mapovu. Usifanye hivyo kwenye tangi ambalo halijapimwa kwa maji! Jaza maji mpaka hewa yote itoke juu, kisha panda polepole mpaka mara 1.3 ya presha yake ya juu kabisa inayoruhusiwa, shusha kidogo, ndipo usogee kukagua. Maji hayabonyei. Tangi likipasuka na maji, yanamwagika, kazi imekwisha. Hewa imekandamizwa kama springi, na springi hiyo yote inaachia kwa mara moja.

---

Injinia_Njoro

Mzee shikamoo, asante kwa kulileta hilo. Niliwekee namba ili Chalii aone.

Tangi la lita 500 lenye hewa ya bar 10 lina nishati ya karibu joule 680,000 ikiachiwa ghafla. Nguvu hiyo inatosha kuinyanyua Noah ya tani moja na nusu zaidi ya mita 40 kwenda juu. Tangi hilohilo likiwa limejaa maji kwa bar 13, nishati iliyo kwenye maji ni kama joule 200. Mtoto akiangusha ndoo ya maji ya lita 20 kutoka mita moja, ni kiasi hichohicho. Tofauti ni mara elfu tatu na zaidi.

---

Mstaafu_wa_Boila

Marahaba mwanangu. Hapo sasa.

---

Chalii_wa_Unga_Ltd

Hiyo ya Noah imenigusa, sikatai. Lakini nijibuni na hili kwa haki: mhuri wa U karakana ya watu saba hawezi. Kumleta mkaguzi kutoka nje, kumlipia ndege na hoteli, kitabu chenyewe kinanunuliwa kwa dola. Kwa hiyo mnasema sisi wadogo tufunge, matangi yote yatoke China na Italia? Hilo nalo si haki kwa nchi.

---

Injinia_Njoro

Swali lako ni la haki na linaniuma mimi pia, kwa sababu nataka siku moja tangi lenye mhuri litoke Arusha au Moshi. Ila njia yake haianzi na mhuri.

Anza na fundi. Chukua fundi wako bora, mpe pleti mbili azikutanishe kwa utaratibu ulioandikwa: kijiti gani, ampea ngapi, pengo kiasi gani, joto la awali kama lipo. Kata vipande, vipinde mpaka viwe kama herufi U. Mshono ukifunguka, bado. Ukishika, umeanza kuwa na utaratibu uliothibitishwa na fundi aliyepimwa. Vyuo vinavyofundisha uchomeleaji viko hapahapa, VETA Moshi na Chuo cha Ufundi Arusha, waulizeni kuhusu kupima. TEMDO wako Arusha tangu miaka ya themanini, kazi yao hasa ni usanifu wa mitambo, nao wabisheni hodi. Na fundi akishafaulu, uwezo wake si wa milele: kwa sehemu ya IX, akikaa miezi 6 bila kuchoma kwa njia ile, anapimwa upya.

Kisha vijiti. Karakana nyingi nilizopita zinatumia 6013 kwa kila kitu. Kwa chombo cha presha watu wanachukua 7018, lakini 7018 iliyokaa nje Arusha mwezi wa nne imenyonya unyevu, na unyevu unaingiza haidrojeni kwenye mshono, na haidrojeni inaleta ufa unaojitokeza saa kadhaa baada ya wewe kwenda nyumbani. Vijiti hivyo vinakaa kwenye oveni ya nyuzi 120. Oveni ndogo si ghali kuliko mguu wa kijana.

Kiwango kinachofaa kukifuata kwenye hatua hii ni ISO 3834, ambacho ni ubora wa uchomeleaji peke yake, na kina ngazi, huna haja ya kuanzia ya juu. Hicho kinamgusa fundi na mshono moja kwa moja, tofauti na 9001. Ukifika hapo, ASME nao wana mhuri mdogo wa UM kwa vyombo vidogo, mfano lita 140 hivi kwa psi 250, ambapo mkaguzi wa nje halazimiki kusimama kwenye kila chombo. Na karakana kadhaa zikiungana, gharama za kumleta mkaguzi zinagawanyika. Kaskazini hii ina viwanda vya kutosha kuwapa kazi.

Neno moja kali: unaweza kusanifu kwa hesabu za kitabu cha ASME bila kuwa na mhuri, hakuna anayekukataza kujifunza. Ila usigonge wala kuandika maneno yanayomfanya mnunuzi aamini kwamba limepitia mkaguzi wao. Hapo umeshahama kwenye ufundi.

---

Usalama_Kijenge

Naongezea upande wa wanunuzi. Mimi ni afisa usalama wa kiwanda, nakagua matangi yanayoingia, na cheti cha uongo nakutana nacho mara kwa mara.

Tangi likifika, anza na kibati. Kinatakiwa kiwe na jina la mtengenezaji, presha ya juu inayoruhusiwa, joto, namba ya tangi lenyewe na mwaka. Kama ni ASME, mhuri una U, na ukiona namba ya bodi ya kitaifa ya wakaguzi, maana yake karatasi zake zimesajiliwa na zinaweza kuombwa. Jina la mwenye cheti unalitafuta kwenye orodha ya ASME mtandaoni. Kama ni CE, kwa tangi la ukubwa huu lazima kuwe na tarakimu nne pembeni, ndiyo namba ya taasisi iliyolikagua, na orodha yake iko wazi kwenye tovuti ya Umoja wa Ulaya. CE isiyo na tarakimu nne kwenye tangi la lita 500, mimi silishushi kwenye gari.

Halafu linganisha namba ya kwenye kibati na namba ya kwenye karatasi. Nimeshapokea karatasi safi kabisa, ya kweli, ya tangi lingine.

Na valvu ya usalama, wakuu. Ifunguke kabla presha haijazidi ile ya kwenye kibati, na katikati yake na tangi kusiwe na koki. Nimekuta mahali pamefungwa koki "ili isisumbue".

---

Tairi_Pasua

Dada Injinia, tangi langu la sasa lina vifuniko vya bakuli lakini halina kibati, nililinunua mkononi. Nifanyeje?

---

Injinia_Njoro

Lizime leo kaka. Usisubiri Jumatatu. Bila kibati hatujui presha yake wala chuma chake. Nitapita Pasua Jumamosi na kipima unene, nione kama lina maana ya kupeleka kwa mkaguzi au la. Usije ukabadilisha mawazo ukaliwasha kwa sababu wateja wamejaa.

---

KarakanaThemi

Wakuu narudi baada ya siku kumi na moja.

Nilikwenda Usa River nikamwona meneja. Nilimweleza kwamba tangi siwezi kulitengeneza kwa sasa na kwa nini, nikampa yale mambo ya kibati na tarakimu nne ili asiuziwe takataka na mwingine. Alinyamaza kidogo, kisha akaniambia watanunua tangi lenye mhuri, na mabomba ya kugawa hewa, kitako cha tangi na banda lake nifanye mimi. Fedha ni pungufu kuliko ile ya kwanza. Vijana watalipwa. Fundi wangu mmoja ameanza kupinda vipande jioni, vitatu vya kwanza vimefunguka, cha nne kimeshika.

Kilichonileta ni yale matangi matano. Nimetembea Arusha nzima kuyatafuta. Moja liko Sakina, mwenyewe alielewa haraka, nimemrudishia fedha yake. Mawili yalikuwa Ngarenaro kwa ndugu wawili, ilichukua siku mbili kuwashawishi. Moja lilikuwa Kwa Mrombo, limeshaacha kutumika. Yote manne nimeyatoboa kwa gesi matundu makubwa kabla ya kuyapeleka kwenye chuma chakavu, ili mtu asije akayafufua. Moja nililipasua kabisa nikatazama ndani ya kona ya kifuniko. Mshono wangu ulikuwa umeshika nusu ya unene.

La tano silipati. Niliuza karibu miaka mitatu iliyopita, aliyenunua naye akaliuza kwa fundi wa Boma Ng'ombe, na huyo anasema lilichukuliwa na mtu aliyekuwa anaelekea Moshi, hamjui jina. Sikuandika namba juu yake. Sikuandika chochote.

Naomba walioko Boma, Moshi mjini, Himo, mpaka Mwanga: ni tangi la kulala, upana sentimita 30, urefu kama mita moja na robo, vifuniko bapa. Lilikuwa na rangi ya kijani, inaweza kuwa imebadilishwa. Miguu minne ya nondo, na mguu mmoja wa nyuma niliunga mara mbili kwa sababu ulikuwa mfupi, utaona kivimbe katikati. Mdomo wa geji uko upande wa kushoto ukilitazama kutoka kwenye koki. Ukiliona, mwambie mwenyewe alizime na aachie hewa yote, kisha niandikie hapa. Nitakuja na pikapu siku hiyohiyo, na fedha yake nitamrudishia yote.